Daktari Asiyetibu: Uchambuzi wa Kisa cha Michael Crichton, Kutoka Chuo cha Udaktari hadi ER

Mwaka 1969 Michael Crichton alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard akiwa na miaka 26. Mwaka huohuo riwaya yake The Andromeda Strain ilitoka na kuingia kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa zaidi Marekani. Hakwenda kufanya mafunzo ya vitendo ambayo mhitimu hupitia kabla ya kupewa leseni, kwa hiyo hakupata kutibu mtu hata mmoja akiwa daktari kamili. Septemba 1994, robo karne baadaye, kituo cha televisheni cha NBC kilirusha kipindi cha ufunguzi cha ER, tamthilia ya idara ya dharura iliyotokana na aliyoyaona wodini alipokuwa mwanafunzi. Ilidumu misimu 15, vipindi 331.

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kama habari ya kijana mwenye kipaji aliyevua koti jeupe na kutajirika. Kwa daktari anayewaza kuandika, simulizi hiyo ni hatari, maana inaruka mambo mawili. Alipohitimu tayari alikuwa na riwaya nne madukani. Na skripti yake iliyoibeba wodi kama ilivyo, ile iliyokuja kuwa ER, ndiyo iliyochelewa kuliko zote: ilikaa miaka 20 bila kufilamiwa. Kilichomvusha mapema hakikuwa visa vya wagonjwa. Ilikuwa namna ya kufikiri na kuandika ambayo hospitali humjaza nayo mtu: kumbukumbu, vipimo, kupanga dalili, kuamua haraka huku nusu ya taarifa haijafika. Madaktari wengi wanaoanza kuandika huleta visa na kuiacha hiyo namna mlangoni. Ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kupekuliwa hatua kwa hatua.

Miaka minne ya kazi mbili

Crichton aliingia chuo cha udaktari mwaka 1965, baada ya shahada ya anthropolojia hapohapo Harvard. Riwaya ya kwanza, Odds On, ilitoka 1966 kwa jina la John Lange. Ikafuata Scratch One mwaka 1967 na Easy Go mwaka 1968. Zilikuwa riwaya za kusisimua, za kusomwa safarini, alizoziandika wikendi na likizo ili zisaidie kulipa ada. Wizi, mauaji, hazina ya kaburi la kale, hospitali haimo.

Riwaya ya nne, A Case of Need, pia ya 1968, ndiyo ya kwanza kuingia hospitalini. Aliitoa kwa jina jingine tena, Jeffery Hudson. Daktari wa maabara ya patholojia mjini Boston anafuatilia kifo cha binti aliyetolewa mimba wakati kitendo hicho kilikuwa kosa la jinai, huku rafiki yake daktari akishikiliwa na polisi. Mwaka 1969 riwaya hiyo ilipata tuzo ya Edgar ya riwaya bora, tuzo ya waandishi wa hadithi za uhalifu Marekani. Ukiisoma utaona kwamba injini yake ni uchunguzi: sampuli, matokeo ya maabara, maelezo yanayopingana, swali linalofuata. Kisa cha hospitali kipo, lakini kinachomsukuma msomaji kufungua ukurasa ni utaratibu wa kupambanua ugonjwa, umehamishwa kwenye kosa.

Majina ya kujificha yalikuwa na kazi mbili. Ya wazi ni ile aliyoieleza mwenyewe baadaye: alidhani angekuja kuwa daktari, na hakutaka wagonjwa wahofu kwamba watakuja kujikuta vitabuni. Ya pili haisemwi sana, nayo kwa mwandishi anayeanza ina uzito kuliko ya kwanza. Jina lisilo lako hukupa ruhusa ya kujifunza hadharani. Kitabu dhaifu hakikufuati. Daktari amezoea mazingira ambamo kukosea ni aibu au kifo, na mazoea hayo yakihamia kwenye meza ya kuandika, rasimu ya kwanza haimaliziki. Sura ya kwanza husafishwa mara ishirini na ya pili haianzi.

Hesabu ya muda inafaa kusemwa kwa tarakimu. Riwaya ya kusisimua ya mtu mzima huwa kati ya maneno 80,000 na 100,000. Maneno 300 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni 1,800 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni 90,000. Maneno 300 ni kama ukurasa mmoja na robo, kazi ya dakika 40 hadi 60 kwa mtu anayejua anakokwenda. Rasimu ya kwanza kwa mwaka mmoja, basi, bila kuacha kazi. Rasimu ya pili na ya tatu huchukua miezi sita hadi mwaka mwingine. Mtu akisema anaacha udaktari ili apate muda wa kuandika riwaya ya kwanza, swali la kumuuliza ni kama ameshindwa kupata hizo dakika 40, au amezipata na hajui cha kuandika. Ni matatizo mawili tofauti, na kuacha kazi hutibu moja tu.

Kinachoharibika zaidi ni mpango wa likizo. Mtu anajiwekea wiki mbili, anaandika maneno 30,000 kwa kasi, anarudi kazini, halafu miezi minne inapita. Akifungua tena, hawakumbuki watu wake. Riwaya huishi kichwani mwa mwandishi, na pengo likizidi wiki moja hivi, siku za kwanza za kurudi huishia kusoma upya. Crichton aliweza kutumia likizo kwa sababu vitabu vile vilikuwa vifupi, vya mwendo mmoja, na aliviandika haraka mno. Anayeandika kitabu kizito zaidi asimwige hapo. Baada ya zamu ya usiku pia kuna kazi isiyofaa: kuanza sura mpya. Akili iliyokesha hutoa sentensi zilizochoka ambazo kesho utazifuta. Saa hiyo inafaa kusoma mazungumzo kwa sauti, kurekebisha majina na tarehe, kuandika orodha ya matukio matano yajayo.

Mhariri aliyetaka kitabu kiandikwe upya

Mswada wa The Andromeda Strain ulifika kwa Robert Gottlieb, mhariri wa kampuni ya Knopf. Alikubali kuuchapisha kwa sharti kwamba uandikwe upya wote. Sehemu inayotuhusu ni mwelekeo aliompa. Wahusika walikuwa dhaifu, na badala ya kumsukuma mwandishi awajaze uhai ambao hakuwa nao mkononi wakati ule, Gottlieb alimsukuma kinyume: aondoe mapambo ya hisia, aandike kama anayeripoti jambo lililotokea kweli. Kitabu kilichotoka kina michoro, machapisho ya kompyuta, nakala za mazungumzo, na mwishoni orodha ya marejeo ya kubuni. Kinasomeka kama faili la serikali lililovuja.

Hapa ndipo udaktari ulipogeuka mtindo. Mwanafunzi aliyekuwa anaandika historia za wagonjwa kila siku alikuwa na ustadi wa hati tayari: lugha kavu, mpangilio wa muda, kipimo pembeni ya kipimo, na hofu inayozaliwa na namba zenyewe bila mwandishi kusema "inatisha". Mhariri aliona nguvu ilipo na akajenga juu yake. Daktari mwenye rasimu mkononi anaweza kujifanyia mtihani huohuo. Chukua sura iliyo dhaifu kuliko zote, iandike kama ripoti ya tukio: saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilionekana, nani aliamua nini. Kama inapata nguvu, umbo la hati ndilo lako. Kama inakufa, basi hadithi yako inategemea watu, na kazi iko kwingine.

Hiyo kazi ya kwingine ina ugonjwa wake unaojulikana. Daktari humtambulisha mhusika kama anavyomtambulisha mgonjwa mbele ya mkuu wake: mwanamke, miaka 36, ameolewa, watoto wawili, anakuja akilalamika hivi. Msomaji anapata taarifa zote na hamwoni mtu. Historia ya mgonjwa imeundwa ili daktari mwingine, akiipokea zamu inayofuata, asihitaji kumjua mtu yule ni nani. Riwaya inataka kinyume cha hapo.

Crichton mwenyewe ameacha, katika kumbukumbu zake Travels za mwaka 1988, dokezo zuri kuliko somo lolote la uandishi. Akiwa mwanafunzi wodini aliwauliza wagonjwa wa moyo swali ambalo halimo kwenye fomu: kwa nini ulipata shambulio la moyo? Alitarajia wakasirike, au wataje mafuta na sigara. Wakamjibu kwa habari za maisha yao: mmoja alikuwa amepandishwa cheo kazini, cheo kinachomtaka ahamie mji mwingine, na mkewe hataki. Kama ni majibu ya kitabibu, yanajadilika. Kama ni mwanzo wa riwaya, yamekamilika: mtu, anachokitaka, anayemzuia, na mwili unaolipa gharama. Kila mhusika mkuu apewe swali la aina hiyo kabla ya kuandikiwa sura ya kwanza, na jibu liwe sentensi moja yenye mtu wa pili ndani yake. Jibu lisilo na mtu wa pili, kama "anafanya kazi kupita kiasi", bado ni utambuzi wa ugonjwa.

Skripti iliyolala miaka 20

Mwaka 1972 Crichton aliongoza filamu ya televisheni, na mwaka 1973 akaandika na kuongoza Westworld kwa ajili ya sinema. Mwaka 1974 aliandika skripti kuhusu saa 24 katika idara ya dharura. Watu wengi, wagonjwa wengi, mazungumzo ya kitabibu yasiyofafanuliwa, mambo matano yakienda kwa wakati mmoja. Studio zilivutiwa lakini zikataka mabadiliko ambayo yeye hakuyataka: ni ya kitaalamu mno, ina vurugu, inakwenda mbio. Ikakaa. Katikati hapo aliandika na kuongoza filamu ya Coma ya 1978, kutokana na riwaya ya Robin Cook, naye daktari; hadithi ya hospitali yenye mhusika mmoja, siri moja na njia moja iliyonyooka. Hiyo ilifika kwenye sinema.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Steven Spielberg alianza kuishughulikia skripti ya idara ya dharura. Wakiwa katika mazungumzo hayo akamuuliza Crichton anaandika nini sasa, na jibu lilikuwa riwaya ya dinosaria. Jurassic Park ikatangulia, kitabu 1990 na filamu 1993, skripti ikiwa imeandikwa na Crichton na David Koepp. Ndipo wakairudia ile ya zamani, safari hii kama kipindi cha ufunguzi cha tamthilia. Ilirushwa 19 Septemba 1994 ikiwa imebadilishwa kidogo sana: baadhi ya wahusika walibadilika, mmoja akawa mwanamke na mwingine Mmarekani Mweusi, na takribani dakika 20 zikakatwa ili itoshe nafasi ya saa mbili pamoja na matangazo.

Kwa hiyo maandishi yaleyale yalikataliwa 1974 na yakashika watazamaji 1994. Kilichobadilika ni chombo. Filamu ya sinema ya dakika 110 humtaka mtazamaji amfuate mtu mmoja hadi mwisho wa shida yake. Tamthilia ya kila wiki inaweza kuanza na vurugu, kwa sababu ina wiki 20 za kuwapambanua watu. Daktari mwenye hadithi ya wodi nzima ajiulize hili kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza: nina mgonjwa mmoja na swali moja, au nina mahali? Mgonjwa mmoja na swali moja ni filamu au riwaya. Mahali ni tamthilia. Miaka mingi hupotea kwa kulazimisha mahali kuwa filamu.

Vipimo vya umbo ni hivi. Skripti ya filamu ya sinema ni kurasa 90 hadi 120, hati ya Courier ukubwa wa 12, na ukurasa mmoja huhesabiwa kama dakika moja. Kipindi cha saa moja cha televisheni ni kurasa 50 hadi 60. Kila tukio lina mstari wa juu unaosema ni ndani au nje, wapi, mchana au usiku. Maelezo huandikwa kwa wakati uliopo, na kinachoruhusiwa kuandikwa ni kinachoonekana au kusikika tu. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowashinda madaktari, maana udaktari ni kazi ya kusema kisichoonekana.

Tuchukue mfano mdogo. Kwenye faili ingeandikwa hivi:

Mwanamume, miaka 54. Maumivu ya kubana kifuani kwa saa 2, yanashuka mkono wa kushoto, anatoka jasho. Presha 90/60. ECG: ST imepanda kwenye II, III na aVF. Shambulio la moyo upande wa chini. Asipewe nitroglycerin mpaka upande wa kulia wa moyo uangaliwe.

Daktari anayeandika skripti kwa mara ya kwanza atamweka mkuu wa zamu aeleze kwa mistari sita kwamba shambulio la upande wa chini huweza kugusa chemba ya kulia, kwamba chemba hiyo hutegemea damu inayorudi, na kwamba nitroglycerin hupanua mishipa na kuishusha presha ghafla. Yote ni kweli. Yote yanaua tukio, kwa kuwa hakuna mkuu wa zamu anayetoa mhadhara huku presha ni 90 kwa 60. Liandikwe hivi:

NDANI. CHUMBA CHA DHARURA. USIKU
Mkono wa daktari kijana unapeleka kidonge mdomoni mwa mgonjwa. Mkono mwingine unaudaka.
MKUU WA ZAMU: Presha umeiona?
Kijana anageuka kwenye skrini. 90 kwa 60. Anarudisha kidonge kikoponi taratibu. Mke wa mgonjwa, pembeni ya kitanda, ameona yote.
MKE: Daktari, mlitaka kumpa nini?

Mtazamaji hajui lolote kuhusu chemba ya kulia na hahitaji kujua. Ameona mkono umezuiwa, ameona aibu, na sasa anasubiri jibu la mke pamoja naye. Usahihi wa kitabibu umebaki wote: daktari akitazama atatikisa kichwa kukubali. Hiyo ndiyo hila kubwa ya ile skripti ya 1974. Istilahi zinapita kwa kasi bila kufafanuliwa, na maana inabebwa na nyuso. Studio zilidhani watazamaji watapotea. Watazamaji walisikiliza istilahi kama sauti ya dharura yenyewe.

Ukipitia rasimu yako, tafuta kila mahali ambapo daktari anamweleza daktari mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua. Futa. Kama habari hiyo ni ya lazima, mpe mtu asiyejua na mwenye haki ya kuuliza: ndugu wa mgonjwa, polisi, mwanafunzi wa siku ya kwanza. Na jibu lisizidi mistari miwili.

Kuhusu Jurassic Park kuna jambo moja la kuongeza. Rasimu ya mapema ilisimuliwa kwa macho ya mtoto, na wote aliowapa kusoma hawakuipenda. Akairudia kwa macho ya watu wazima, hadithi ileile, na wakaipenda. Wasomaji wake wa kwanza walimwambia haifai. Hawakumwambia tatizo ni nini, na kwa kawaida wasomaji hawajui. Dalili wanazo wao, utambuzi ni kazi ya mwandishi. Wasomaji watatu hadi watano wanatosha, na wasiwe wote madaktari, maana madaktari watasahihisha dozi na kuacha hadithi mgonjwa.

Siri za wagonjwa

Crichton aliandika kabla ya sheria za faragha za leo. Marekani kwa sasa ina kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, ambazo hutaja aina 18 za taarifa zinazomtambulisha mtu. Jina na anwani kila mtu anazifikiria. Zinazosahaulika ni tarehe zote zinazomhusu isipokuwa mwaka, eneo lolote dogo kuliko jimbo, umri unaozidi miaka 89, namba ya kifaa kilichowekwa mwilini, picha ya uso, na taarifa za ndugu au mwajiri wake. Orodha ile iliwekwa kwa ajili ya takwimu na kumbukumbu, lakini kama kichujio cha kwanza cha mswada inafaa popote duniani.

Haitoshi, hata hivyo. Riwaya humfichua mtu kwa namna ambayo orodha haikuwazia: sentensi aliyoisema akifa, ugomvi wa wanawe pale mlangoni, kovu adimu. Kipimo cha kweli ni kama mtoto wa mgonjwa, akisoma, atafunga kitabu na kusema huyu ni baba. Kubadili jina na jinsia peke yake hakutoshi pale ambapo ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Njia inayofanya kazi ni kuchukua ugonjwa kutoka kwa mmoja, familia kutoka kwa mwingine, na mwisho kuubuni. Njia hiyo pia huleta hadithi bora, kwa sababu mwisho wa kweli mara nyingi hauna umbo. Kama mtu ni lazima abaki kama alivyo, omba ridhaa yake au ya ndugu zake kwa maandishi, kabla ya mchapishaji kuuliza. Wenzako wa kazi wana haki hiyohiyo. Msimamizi mkali anayejulikana na idara nzima anaweza kushtaki kwa kashfa, na pale mwandishi amemwekea kosa la kitabibu ambalo hakulifanya, hoja yake itakuwa na nguvu.

Fedha, haki na leseni

Malipo ya awali ya riwaya hayaji yote kwa mara moja. Kwa kawaida ya Marekani hugawanywa mara tatu au nne: kusaini, kukabidhi mswada uliokubaliwa, kutoka kwa kitabu, na kutoka kwa toleo la jalada jepesi. Tuseme malipo ni dola 60,000 kwa mafungu manne. Kila fungu ni 15,000, wakala anachukua asilimia 15, unabaki na 12,750 kabla ya kodi, na kutoka fungu la kwanza hadi la nne inaweza kupita miaka miwili au zaidi. Hakuna mrabaha mpaka kitabu kirudishe zile 60,000. Mtu aliyezoea mshahara wa mwezi ayaone mafungu haya kwenye kalenda kabla hajaandika barua ya kuacha kazi.

Kwenye filamu kuna neno linalochanganya: kununua haki na kushikilia haki. Mtayarishaji hushikilia kwanza, kwa miezi 12 hadi 18, akilipa sehemu ndogo, mara nyingi karibu asilimia 10 ya bei ya kununua. Muda ukiisha bila filamu, haki hurudi kwako na fedha hairudishwi. Haki nyingi zilizoshikiliwa hazifiki kwenye kamera. Usipange maisha kwa bei ya kununua.

Mkataba wa ER umeendelea kuzungumzwa hata baada ya Crichton kufariki Novemba 2008. Mwaka 2024 mjane wake alifungua kesi akidai kwamba tamthilia mpya ya hospitali, The Pitt, imetokana na ER, na kwamba mkataba ulihitaji ridhaa kabla ya kutengeneza kitu cha aina hiyo, watayarishaji walikana. Vyovyote itakavyokuwa, daktari anayesaini mkataba wa kwanza aangalie vifungu vitatu ambavyo msisimko humfanya aviruke: nani atatajwa kama muasisi, nani ana haki ya kutengeneza mwendelezo au kazi tanzu, na nini hurudi kwa mwandishi kama mradi ukifa. Mwanasheria wa mikataba ya burudani ndiye wa kuusoma, si mwanasheria wa familia.

Kuhusu leseni, Crichton ni mfano wa kutofuatwa. Aliufunga mlango akiwa na mkataba mkononi, riwaya nne nyuma yake na filamu inakuja. Mtu ambaye tayari ana leseni hana sababu ya kuiacha iishe. Kuirudisha baada ya miaka kadhaa ya kutotibu huweza kudai mitihani, usimamizi, au vyote viwili, na zamu chache za mwezi hulinda mkono pamoja na kipato. Khaled Hosseini, daktari aliyeandika The Kite Runner, aliendelea kutibu kwa mwaka mmoja na nusu hivi baada ya riwaya yake ya kwanza kutoka mwaka 2003.

Mlango wa pili

ER yenyewe ilifungua njia ambayo muasisi wake hakuipitia. Crichton aliandika kipindi cha ufunguzi. Vipindi vilivyofuata viliandikwa na chumba cha waandishi chini ya mtayarishaji John Wells, na ndani ya chumba hicho waliketi madaktari. Neal Baer alijiunga akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, akamaliza masomo huku akiandika. Lance Gentile, daktari wa dharura, aliingia kama mshauri wa kitabibu, na mwaka 1995 akapata tuzo ya Emmy ya uandishi kwa kipindi kiitwacho "Love's Labor Lost", ambamo mjamzito mmoja na uamuzi mmoja wa makosa vinachukua karibu kipindi kizima.

Kazi ya mshauri ni hii: mwandishi huacha nafasi kwenye skripti, akiandika tu kwamba hapa hali inakuwa mbaya, na daktari hujaza ugonjwa unaoweza kuwa mbaya kwa kasi hiyo, dalili zinazoonekana kwa kamera, dawa, na maneno ambayo timu ingeyasema. Malipo si makubwa, jina huenda mwishoni, lakini unakaa ndani ya chumba na kuona kipindi kinavyovunjwa na kuundwa upya kwa siku kumi. Hatari yake ni kubaki huko milele, ukiitwa kusahihisha dozi tu. Anayetaka kuvuka aje na sampuli mbili za kipindi kizima, na moja isiwe na hospitali kabisa. Kwamba unaijua dawa, wanaliamini wakisoma wasifu wako. Wanachotaka kuona ni kama unaweza kuandika ndugu wawili wakigombana kuhusu nyumba ya marehemu baba yao, kurasa nne, bila mmoja wao kulitaja jina la baba huyo.